BARIDI HAIUI MFUPA

Liko neno moja ambalo katika Nyanda za Juu Kusini limegeuka kuwa tabibu, mpimaji na mwandishi wa cheti kwa wakati mmoja. Neno hilo ni "baridi". Mkulima wa viazi wa Uporoto akiumwa bega, ni baridi. Mchuma chai wa Mufindi akishindwa kuinua mkono kutupa majani kapuni mgongoni, ni baridi. Mpagazi wa soko la Mwanjelwa akikesha ameshika bega lake kama mtu aliyeshika mtoto mgonjwa, naye huambiwa ni baridi. Ufikapo mwezi wa Juni, ukungu ukalala juu ya Mafinga hadi jua linapokaribia utosi, neno hili hupata nguvu maradufu, maana nani atabisha? Kila mtu amevaa koti.

Lugha yetu yenyewe imelipa neno hili kiti cha heshima. Tunasema "baridi yabisi", jina tulilolirithi kutoka elimu ya kale ya tiba iliyogawa maradhi kwa joto na baridi, kwa unyevu na ukavu. Jina ni zuri na lina historia yake. Lakini jina la ugonjwa likishatumika kwa kila maumivu ya kila kiungo cha kila mtu, halitaji tena ugonjwa wowote. Limekuwa pazia. Nyuma ya pazia hilo, katika Mbeya na Iringa, kuna mabega ambayo mfupa wake unakufa.

Tusemapo mfupa unakufa hatusemi kwa mafumbo. Mfupa ni kitu hai, nao hulishwa kwa damu. Juu kabisa ya mkono, mahali mkono unapopandikizwa begani, mfupa una kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chake kidogo. Kichwa hicho hupata damu kwa mishipa michache iliyopinda kuzunguka shingo ya mfupa. Mishipa hiyo ikikatika, au ikiziba, sehemu ya kichwa hukosa chakula na hufa. Kwa muda mfupa uliokufa husimama kama ukuta wa nyumba iliyohamwa. Kisha, pole pole, paa hubonyea, kichwa cha mviringo kinakuwa bapa, na bega ambalo zamani lilizunguka kama gurudumu lililopakwa mafuta linaanza kukwaruza na kukwama. Waganga huita hali hiyo nekrosisi ya mfupa. Baada ya kichwa cha paja, kichwa cha bega ndicho kinachoshambuliwa zaidi na ugonjwa huu.

Baridi ya Makete haikati mshipa huo. Ni nini basi kinachoukata?

Kwanza ni ajali. Mtu aliyeanguka kutoka juu ya lori la mbao la Sao Hill, au aliyetupwa na pikipiki katika barabara kuu ya kwenda Tunduma, huweza kuvunjika shingo ya mfupa wa bega, na vipande vikitengana, mishipa hukatika navyo. Mfupa huungana, mgonjwa huruhusiwa, kila mtu hufurahi. Miezi mingi baadaye, hata mwaka wa pili, maumivu hurudi. Kwa kuwa hakuna aliyemwambia arudi kupigwa picha, na kwa kuwa wakati huo ni Julai, jibu liko tayari mdomoni.

Pili ni ugonjwa wa seli mundu. Chembe za damu zilizojikunja kama mundu hukwama katika mishipa midogo na kuufungia mfupa mlango. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa kabisa wa ugonjwa huu duniani, na makadirio ni kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Watu wa nyanda za juu wamezoea kuuona kuwa ni ugonjwa wa pwani na wa kanda ya ziwa. Ni kweli kwamba vinasaba vyake vilistawi palipokuwa na malaria nyingi, jambo ambalo Anthony Allison alilithibitisha mwaka 1954 kwa utafiti alioufanya hapa Afrika Mashariki. Lakini tangu lini Mbeya ikawa ni mlima mtupu? Kyela iko kando ya Ziwa Nyasa, mita zisizozidi mia tano na kitu juu ya usawa wa bahari, na mbu wake hawahitaji kutambulishwa. Bonde la Usangu limejaa mpunga na watu kutoka kila pembe ya nchi. Barabara na reli ya TAZARA zimechanganya damu za Watanzania kwa miongo mingi, na hilo ni jema, ila mtoto wa mama wa Mwanza na baba wa Kilombero aliyezaliwa Iringa mjini haachi seli zake katika kizuizi cha Ruaha Mbuyuni.

Hapa ndipo baridi inapopewa haki yake, maana hatupendi kuionea. Baridi kali huweza kuchochea shambulio la maumivu kwa mwenye seli mundu. Kwa hiyo mgonjwa anayesema "baridi ikianza mifupa inaniuma" huenda anasema kweli tupu. Kosa si lake. Kosa ni la yule anayelisikia neno hilo na kufunga daftari, badala ya kulifungua na kuagiza kipimo cha damu.

Tatu ni dawa, na juu ya hili lazima tuseme bila kumung'unya maneno. Dawa za jamii ya steroidi, kama predinisoloni na deksamethasoni, zimeokoa maisha ya watu wengi. Mgonjwa wa pumu aliyezidiwa, mwenye kifua kikuu kilichoingia utando wa moyo, mtoto aliyevimba kwa ugonjwa wa figo, wote hao huweza kuzihitaji. Lakini dozi kubwa, au ya muda mrefu, ni miongoni mwa sababu kubwa za kufa kwa mfupa duniani kote. Na sisi tunazifanyaje? Kuna wauzaji wanaozitoa bila cheti cha daktari kwa mtu anayelalamikia viungo. Kuna wanawake wanaouziwa vidonge hivyo ili wanenepe na kung'ara. Kuna wajanja wanaosaga vidonge na kuvichanganya katika unga wa "miti shamba", mgonjwa akapata nafuu ya ajabu kwa wiki moja, akamsifu mganga, akarudi kununua tena. Nafuu hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana ni ya hatari. Mtu anameza dawa ya kutuliza bega, na dawa hiyo hiyo inalinyima bega damu.

Hata hivyo, asije mtu akasoma maneno haya akaenda kutupa vidonge alivyoandikiwa hospitali. Mwili uliozoea steroidi huacha kutengeneza zake wenyewe, na kuzikatisha ghafla kunaweza kuua. Hupunguzwa kwa hesabu, na hesabu hiyo ni ya daktari.

Nne ni pombe. Ulanzi wa Iringa una utamu wake, na kimpumu cha Rungwe kina adabu zake za kunywea. Hatukuja hapa kuhubiri. Tunasema tu kwamba unywaji mkubwa wa miaka mingi huingia katika orodha ya sababu. Na tano, jambo linalotaka utulivu wa sauti, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI hupata ugonjwa huu zaidi kuliko wengine, ingawa wataalamu wa dunia bado wanabishana ni sehemu gani ya lawama iangukie virusi, ipi iangukie dawa, na ipi steroidi na pombe. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 na 2017, Njombe, ambayo hadi 2012 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa, ilikuwa na maambukizo ya asilimia 11.4 ya watu wazima, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3. Mikoa yenye hesabu kama hiyo ingepasa kuwa shule ya taifa katika ugonjwa huu. Badala yake bega la mgonjwa hupakwa dawa ya kuchua.

Sasa tufike mahali ambapo tunagombana hasa na vitabu. Vitabu vya tiba vilivyoandikwa Ulaya na Marekani husema kwamba kufa kwa mfupa wa bega kunavumilika zaidi kuliko kwa mfupa wa nyonga, kwa sababu bega halibebi uzito wa mwili. Mtu hutembea kwa nyonga, hatembei kwa bega. Kwa karani wa London maneno haya ni kweli. Lakini aliyeyaandika hakupata kusimama alfajiri pale viazi vinapopakiwa, akaona gunia la lumbesa, lililoongezwa kilemba cha nyavu na kamba juu ya kipimo cha halali cha kilo 100, likipandishwa juu ya bega la mtu mmoja, naye akapanda nalo ubao mwembamba kwenda juu ya lori. Bega hilo halibebi uzito? Linabeba uzito wa mwili wake na wa mwili mwingine, tena kwa malipo ya kila gunia. Mama wa Rungwe anayenyosha mikono siku nzima juu ya chai, mpasua mbao, mchimba dhahabu wa Chunya mwenye sururu, hawa wote hutembea kwa mabega. Kichwa cha mfupa kikibonyea, kilichobonyea ni chungu cha nyumbani, ada ya mtoto na bati la nyumba. Kwa hiyo, ugonjwa ambao kitabu kinauita wa kuvumilika, hapa kwetu ni ugonjwa wa kufukarisha. Anayemtibu mpagazi kwa kitabu cha karani hajamtibu.

Watakuja wenye busara za kukata tamaa na kusema: ndugu, tuna malaria, tuna kifua kikuu, tuna akina mama wanaojifungua, utaleta habari za kichwa cha bega, na mashine kubwa za MRI huzikuti vijijini? Hoja hii ina sura ya huruma kwa maskini, lakini ukiigeuza utaona ni uvivu uliovaa kanzu. Ni kweli kwamba MRI huona kifo cha mfupa mapema kabisa, wakati picha ya eksirei bado inaonyesha bega safi. Lakini hatua ya kwanza ya kuutambua ugonjwa huu haina umeme. Ni kuuliza. Ulivunjika? Uliwahi kumeza dawa gani, kwa muda gani, na nani alikupa? Kuna ndugu mwenye seli mundu? Unakunywa kiasi gani? Maumivu ni ya ndani, tena ya usiku? Maswali hayo hayazidi dakika tano. Hatua ya pili ni mikono ya mganga. Katika bega lililoganda, mganga akijaribu kuuzungusha mkono kwenda nje mwenyewe hukuta umekataa; katika mfupa uliokufa, mwanzoni mara nyingi mkono bado unazunguka ukisaidiwa, ila unauma. Hatua ya tatu ni eksirei, si ya upande mmoja tu, bali pamoja na picha ya mkono ukiwa umegeuzwa nje, maana sehemu inayokufa mara nyingi hujificha juu ya kichwa cha mfupa. Picha ikiwa safi na shaka ikabaki, mgonjwa arudi baada ya miezi michache ipigwe nyingine, au apewe rufaa ya kwenda kwenye MRI akiwa na sababu iliyoandikwa. Na bega la pili lipigwe picha, na nyonga pia, kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi haupendi kukaa peke yake.

Tena usiwangoje walie. Utafiti mkubwa wa wagonjwa wa seli mundu nchini Marekani, uliotolewa mwaka 1993 na uliohusu watu zaidi ya 2,500, ulikuta kwamba kati ya kila mia, watano au sita walikuwa tayari na mfupa wa bega uliokufa, na wapatao wanne kati ya kila watano wa hao hawakuwa na maumivu wala ugumu wa kiungo siku walipotambuliwa. Homa na uvimbe navyo visidharauliwe: katika seli mundu, usaha ndani ya mfupa hufanana sana na mfupa unaokufa, na usaha haungoji.

Kuhusu matibabu, tusidanganyane. Mfupa uliokwisha kufa haufufuki kwa kidonge. Lakini kati ya kufa na kubonyea kuna muda, na muda huo ndio wote wa kugombaniwa. Sababu iondolewe au ipunguzwe. Mwenye seli mundu apate haidroksiurea, ambayo hupunguza mashambulio. Mgonjwa apumzishwe kubeba na kuinua juu ya kichwa, afundishwe mazoezi ya kulinda mzunguko wa kiungo. Katika hatua za mwanzo daktari wa mifupa anaweza kutoboa tundu katika kichwa cha mfupa ili kupunguza shinikizo la ndani. Kichwa kikishabonyea, kinachobaki ni kubadilisha kiungo kwa cha bandia, upasuaji wa gharama kubwa ambao mabingwa wake ni wachache. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, iko Dar es Salaam. Kutoka Mbeya ni kilomita zaidi ya 800. Mtu aliyepoteza miaka miwili akiitwa "baridi" husafiri kilomita hizo kwenda kuambiwa kwamba amechelewa.

Na sasa kalamu. Mwaka 1976 daktari wa mifupa wa Canada, Richard Cruess, alipanga ugonjwa huu wa bega katika ngazi tano. Ya kwanza, eksirei haioni kitu. Ya pili, mfupa umebadilika rangi pichani lakini umbo ni zima. Ya tatu, ufa mwembamba kama hilali umejitokeza chini ya gegedu. Ya nne, kichwa kimebonyea. Ya tano, na kikombe cha bega kimeharibika. Tarakimu moja tu, kuanzia 1 hadi 5, inatosha kumweleza daktari wa Muhimbili hali ya mgonjwa aliyetoka Ilula. Katika orodha ya kumi ya kimataifa ya magonjwa ugonjwa huu una namba yake, M87: tarakimu inayofuata hueleza kama sababu ni dawa au ajali, na nyingine baada yake hueleza kwamba ni begani. Dunia imekwisha kutengeneza sanduku. Sisi hatuweki kitu ndani yake.

Kwa maana ukiandika "maumivu ya bega", mtu huyo anahesabiwa pamoja na aliyelala vibaya. Taarifa yake inapopanda kutoka zahanati kwenda wilayani, kutoka wilayani kwenda mkoani, na kutoka mkoani kwenda wizarani, mfupa uliokufa unazidi kutoweka katika kila ngazi, hata anapofika mpanga bajeti hakuna kilichobaki. Kisha mpanga bajeti anasema, kwa unyofu kabisa, kwamba ugonjwa huu ni wa nadra katika nchi yetu. Unadra wa namna hiyo hutengenezwa kwa kalamu iliyokaa kimya.

Kuna na suala la haki. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008 na Mfuko wake ukaanza kazi mwaka 2015. Mfanyakazi wa kiwanda cha mbao aliyevunjika bega kazini, kisha mfupa ukafa baada ya miezi kumi na minane, atauonyeshaje Mfuko kwamba kifo hicho ni mtoto wa ajali ile, ikiwa kadi ya kwanza inasema "ameumia mkono" bila kutaja upande, na ya pili inasema "baridi yabisi"? Ushahidi wake umechanwa na watu waliovaa makoti meupe, wala hawakukusudia kumdhulumu. Na mpagazi wa kulipwa kwa gunia yuko chini zaidi. Yeye hana mwajiri anayemkiri. Mwenye lori humwambia yeye ni wa sokoni, na soko humwambia yeye ni wa mwenye lori. Karatasi ya hospitali ndiyo shahidi pekee anayeweza kumpata, nayo huandikwa kwa haraka, kwa mwandiko usiosomeka, na mara nyingine kwa lugha ambayo mwenyewe haijui.

Wapo watakaosema tunawashambulia waganga wa vijijini. La. Tabibu mmoja mbele ya foleni ya watu themanini hastahili matusi, anastahili msaada. Tunaowauliza ni wale walio juu yake, wanaokuja na magari kukagua na kuhesabu madaftari bila kusoma kilichomo. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya", wanakijiji wakakaa vikundi kwa vikundi mbele ya redio wakajifunza habari za mbu, maji na vyoo. Waliweza kuelewa. Haiingii akilini kwamba wajukuu wao, wenye simu mikononi, hawawezi kuelewa kwamba vidonge vya kunenepa hula mfupa, na kwamba mtu aliyevunjika bega ana haki ya kurudi kupigwa picha hata kama haumwi.

Basi mgonjwa atakayefika kesho, Mbeya au Iringa, na bega lake mkononi, aandikiwe kwa Kiswahili hivi: Bega la kulia. Kifo cha mfupa, ngazi ya pili. Sababu: predinisoloni miezi saba, alinunua dukani bila cheti. Bega la kushoto na nyonga: picha zimepigwa, salama. Kipimo cha seli mundu: kimefanyika. Kazi: mpagazi, asibebe. Arudi baada ya miezi mitatu. Tarehe, jina la mganga, mwandiko unaosomeka. Filamu ya eksirei apewe mwenyewe, na nakala ibaki kwenye jalada. Na Waganga Wakuu wa Mikoa hii, pamoja na wenzao wa Njombe na Songwe, mwisho wa mwaka wafungue majalada hayo, wahesabu M87 ni ngapi, na watangaze hesabu hiyo hadharani.